Kuzidisha na kurahisisha sehemu za kialjebra: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya wanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu wanaosoma tuisheni hapa Kigoma mjini, wengi wao wa Mwanga, Gungu na Ujiji. Machache yamekuja kwa simu kutoka Kasulu na Urambo, na moja ni la mzazi. Mengine nimeyajibu kwa mstari mmoja kwa sababu hayadai zaidi. Lile la (x + 6)/6 nimelikalia kitako, maana kwa madaftari ninayosahihisha, hilo ndilo linalokula alama za watoto.

Sehemu ya kialjebra ni kitu gani?

Ni sehemu kama zile za shule ya msingi, ila ndani yake mna herufi. 3/x ni sehemu ya kialjebra, na (x + 2)/(x − 5) vilevile. Juu kuna kiasi, chini kuna asili. Herufi ni namba ambayo bado hujaambiwa ni ipi, basi. Kwa hiyo kila kinachokubali kwenye 6/8 kitakubali kwenye x, na kinachokataa kwenye 6/8 kitakataa kwenye x. Ukikwama, rudi kwenye namba.

Mbona umeweka mabano mengi? Kwenye daftari langu hayapo.

Kwenye daftari unachora mstari mrefu, na mstari huo ndio unaofanya kazi ya mabano: vyote vilivyo juu yake ni kitu kimoja, na vyote vilivyo chini yake ni kitu kimoja. Kwenye simu mstari mrefu hauandikiki, kwa hiyo naweka mabano na mkwaju. Ukiandika x + 2/x − 5 bila mabano, magazijuto (ule mpangilio wa matendo ya hesabu) itakuamuru ugawanye 2 kwa x kwanza, na hapo tayari uko kwenye hesabu nyingine.

Wapenda historia wajue kwamba mstari huo haukuwepo tangu mwanzo. Wahindi wa karne ya 7, akina Brahmagupta, waliandika namba ya juu na ya chini bila kitu katikati. Mstari ulianza kutumiwa na wanahisabati wa Maghreb katika karne ya 12, al-Hassar akiwa mmoja wao, na Fibonacci wa Pisa akautumia katika kitabu chake cha mwaka 1202, kisha ukasambaa Ulaya. Watu walihangaika kuupata. Tusiuchore tu kama pambo.

Kwa nini tunaruhusiwa kukata?

Chukua 6/8. Sita ni 2 × 3, nane ni 2 × 4. Kwa hiyo:

6/8 = (2 × 3)/(2 × 4) = 2/2 × 3/4 = 1 × 3/4 = 3/4

Ile 2/2 ni moja, na kuzidisha kwa moja hakubadilishi kitu, ndiyo maana tunaiacha. Kukata ni huko tu: kuitoa 1 iliyokuwa imejificha ndani ya sehemu. Hakuna kilichofutwa wala kilichopotea.

Kwa herufi ni hivyohivyo:

5x/(10x²) = (5 × x)/(2 × 5 × x × x) = 1/(2x)

Angalia juu palipobaki. Tumekata 5, tumekata x, na juu pakabaki 1. Hapakubaki sifuri. Kuna wanafunzi wanaoandika 0/(2x), halafu wanasema jibu ni 0, eti kwa sababu "vyote vimeisha". Kitu kikigawanywa kwa chenyewe kinatoa 1. Na kama vya chini ndivyo vilivyokatwa vyote, asili inakuwa 1, na huna haja ya kuiandika: 6x²/(3x) = 2x.

Mwalimu alinipa kosa kwenye (x + 6)/6. Nilikata 6 na 6 nikabaki na x. Kosa liko wapi?

Hapa ndipo pa kukaa.

Kwanza tuthibitishe kwamba ni kosa, usikubali tu kwa sababu mwalimu kasema. Tuseme x ni 12. Basi (12 + 6)/6 = 18/6 = 3. Jibu lako linasema 12. Tatu na kumi na mbili hazifanani hata kwa bahati mbaya. Mwenzako aliyeandika x + 1, kwa kuwa anakumbuka kwamba 6 kwa 6 ni 1, anapata 13. Naye kakosa.

Sasa sababu. Pale mwalo wa Kibirizi, tuseme watu sita wameshirikiana kununua dagaa. Asubuhi walinunua ndoo x, mchana wakaongeza ndoo 6. Wote sita wanataka mgawo sawa. Aliyeandika x + 1 amezigawa zile ndoo 6 za mchana tu, kila mtu moja, halafu ndoo zote x za asubuhi akampa kila mmoja nzima nzima, kana kwamba zimejizalisha mara sita. Mgawo wa haki ni huu: kila mtu apate sehemu ya sita ya ndoo za asubuhi, na sehemu ya sita ya ndoo za mchana. Yaani:

(x + 6)/6 = x/6 + 6/6 = x/6 + 1

Asili inagawanya kila kilichoko juu. Ile 6 ya juu imeunganishwa na x kwa alama ya kujumlisha, kwa hiyo haiwezi kuondoka peke yake na kuiacha x nyuma.

Linganisha na 6x/6. Hapa 6 inaizidisha x, nayo ni kigawo cha juu yote. Kata, ubaki na x. Linganisha pia na (6x + 6)/6. Juu kuna kujumlisha, lakini 6 imo kwenye vipande vyote viwili, kwa hiyo unaweza kuitoa nje: 6(x + 1)/6 = x + 1. Hapo sasa inakatika kihalali.

Sheria nzima ni hii: kinachokatwa lazima kiwe kinazidisha juu yote na kinazidisha chini yote. Kikiwa kimeshikwa na kujumlisha au kutoa, mkono mbali.

Nitajuaje kama kitu "kinazidisha juu yote"? Kwangu mimi vyote vinaonekana sawa.

Tumia magazijuto, ileile ya mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Jifanye unakokotoa kile kiasi kwa namba, kisha jiulize: tendo la mwisho nililofanya ni lipi?

Mfano 3(x + 2), na x iwe 5. Unaanza na mabano, 5 + 2 = 7. Unamalizia kwa kuzidisha, 3 × 7 = 21. Tendo la mwisho ni kuzidisha, kwa hiyo 3 ni kigawo na (x + 2) ni kigawo. Chochote kati ya hivyo viwili kinaweza kukatwa kikikuta mwenzake chini.

Mfano 3x + 2, na x iwe 5. Unaanza na kuzidisha, 15. Unamalizia kwa kujumlisha, 17. Tendo la mwisho ni kujumlisha, kwa hiyo hapa hakuna cha kukata: 3 haikatwi, x haikatwi, 2 haikatwi. Ama utafute vigawo kwanza, ama uiache ilivyo na kuikata nzima, ikiwa chini nako iko (3x + 2) hiyohiyo.

Kwenye (x + 1)(x − 4) + 7 wengi hujikwaa. Wanaona mabano mawili, wanafurahi, wanakata. Lakini tendo la mwisho hapo ni kujumlisha 7. Kwa hiyo hakuna kigawo.

Kuzidisha sehemu mbili hufanywaje?

Juu kwa juu, chini kwa chini. Hilo unalijua. La muhimu ni utaratibu: kata kwanza, zidisha baadaye. Tazama:

14a²b/(15c) × 25c²/(21ab)

Ukikimbilia kuzidisha utapata 350a²bc²/(315abc), halafu uanze kutafuta kigawo kikubwa cha shirika cha 350 na 315. Ni 35, lakini wangapi wanakiona haraka? Kata kwanza uone:

14 na 21 zinagawanyika kwa 7: zinabaki 2 juu na 3 chini.
25 na 15 zinagawanyika kwa 5: zinabaki 5 juu na 3 chini.
a² juu na a chini: inabaki a juu.
b na b: zinaisha.
c² juu na c chini: inabaki c juu.

Kilichobaki ni (2 × 5 × a × c)/(3 × 3) = 10ac/9.

Kwa peni, kila unapokata andika namba iliyobaki pembeni, ndogo lakini inayosomeka. Madaftari mengi yana mistari ya kukatia iliyopishana kama nyavu, na mwenyewe hajui tena ni 5 ipi iliyobaki.

Kwa hiyo naweza kukata mshazari, juu ya sehemu ya kwanza na chini ya sehemu ya pili?

Ndiyo, kama katikati kuna alama ya kuzidisha. Sehemu mbili zinazozidishana ni sehemu moja ndefu iliyokatwa katikati, kwa hiyo cha juu popote kinaweza kukata cha chini popote. Juu kwa juu hapana. Kuvuka alama ya kujumlisha hapana. Kuvuka alama ya kugawanya hapana, mpaka uwe umeshageuza ile sehemu ya pili.

Zile zenye x² zinanitisha. Nianzie wapi?

Usikate kitu. Shika peni, tafuta vigawo vya kila kiasi na kila asili. Ndipo ukate. Tuchukue hii:

(x² − 9)/(x² + 5x + 6) × (x² + 2x)/(3x − 9)

Kuna pembe nne, tunazishughulikia moja moja.

x² − 9 ni tofauti ya vipeo viwili vya pili, x² na 3². Daima inakuwa (x − 3)(x + 3).

x² + 5x + 6: tafuta namba mbili zinazozidishana kupata 6 na kujumlishana kupata 5. Ni 2 na 3. Kwa hiyo (x + 2)(x + 3).

x² + 2x: x imo kote, itoe nje. x(x + 2).

3x − 9: toa 3 nje. 3(x − 3).

Sasa andika upya:

(x − 3)(x + 3)/[(x + 2)(x + 3)] × x(x + 2)/[3(x − 3)]

(x − 3) iko juu na chini. (x + 3) iko juu na chini. (x + 2) iko juu na chini. Zote zinaondoka, kinabaki x/3.

Dude lote lile limekuwa x/3. Tukague kwa x = 4: sehemu ya kwanza ni 7/42, yaani 1/6. Ya pili ni 24/3, yaani 8. Zikizidishana ni 8/6, yaani 4/3. Na x/3 kwa x = 4 ni 4/3. Imekubali.

Ikija yenye namba mbele ya x², kwa mfano 2x² + 7x + 3, zidisha ya mbele na ya nyuma, 2 × 3 = 6, kisha tafuta namba zinazozidishana kupata 6 na kujumlishana kupata 7. Ni 6 na 1. Igawe 7x: 2x² + 6x + x + 3 = 2x(x + 3) + 1(x + 3) = (2x + 1)(x + 3). Ile 1 iandike, ukiiacha utaisahau.

x² + 9 nayo ni (x + 3)(x + 3)?

Hapana. (x + 3)(x + 3) ni x² + 6x + 9. Jumla ya vipeo viwili kama x² + 9 haina vigawo kwa namba unazozitumia kidato cha pili. Iache.

(x − 5)/(5 − x) inakatika?

Inakatika, ila inatoa −1, siyo 1. Toa −1 nje ya asili: 5 − x = −1(x − 5). Kwa hiyo (x − 5)/[−(x − 5)] = −1. Jaribu x = 7: 2/(−2) = −1.

Mtego huu unapenda kujificha ndani ya hesabu ndefu. (a − b)/(b² − a²) ni (a − b)/[(b − a)(b + a)], nayo ni −1/(a + b). Anayesahau alama ya kutoa anapata kila kitu sawa isipokuwa jibu. Kwenye kujumlisha hakuna shida hiyo: x + 5 na 5 + x ni kitu kimoja, zinatoa 1.

Kwa nini mwalimu anaandika "x ≠ 2" pembeni ya jibu?

Kwa sababu hakuna kugawanya kwa sifuri. Chukua (x² − 4)/(x − 2). Vigawo ni (x − 2)(x + 2)/(x − 2), jibu ni x + 2. Sasa weka x = 2. Jibu linasema 4. Lakini swali lenyewe linasema 0/0, kitu kisicho na thamani. Kwa hiyo swali na jibu vinakubaliana kwa kila namba isipokuwa 2, nasi tunaandika hivyo: x + 2, ambapo x ≠ 2.

Namba za kukataza zisome kwenye asili za swali kabla hujakata. Ule mfano wetu uliokuwa x/3 unakataza −3, −2 na 3, na ukilitazama jibu peke yake huoni hata moja kati ya hizo. Kwenye kugawanya kuna nyongeza: kiasi cha sehemu ya pili nacho kisiwe sifuri, maana kikigeuzwa kinakwenda chini. Swali lisipoyataja haya, mimi bado ningeandika. Ni mstari mmoja tu.

Kugawanya je?

Geuza sehemu ya pili juu chini, weka alama ya kuzidisha, endelea kama kawaida. Ya kwanza usiiguse.

(x² − 16)/(2x + 6) ÷ (x − 4)/(x² + 3x)

= (x − 4)(x + 4)/[2(x + 3)] × x(x + 3)/(x − 4)

= x(x + 4)/2, ambapo x ≠ −3, 0, 4

Kwa nini tunageuza? Uliza dumu moja la mawese linatoa nusu dumu ngapi. Mbili. 1 ÷ 1/2 ni sawa na 1 × 2.

Jibu la mwisho nifungue mabano au niache?

Swali lisiposema, acha. x(x + 4)/2 inaonyesha vigawo vyake waziwazi, na anayesahihisha anaona kwamba hakuna kilichobaki cha kukata.

Kwenye kujumlisha sehemu nako tunakata?

Kujumlisha kuna njia yake: tafuta kigawe kidogo cha shirika cha asili, leta zote kwenye asili moja, jumlisha viasi. Kukata kunakuja mwishoni, ukishakuwa na sehemu moja tu. Hiyo ni mada nyingine.

Nitahakikishaje jibu langu kama sina majibu ya nyuma ya kitabu?

Weka namba kwenye swali, weka namba hiyohiyo kwenye jibu. Zikitofautiana, umekosea, hakuna mjadala. Zikifanana, kuna dalili nzuri, lakini uchaguzi wa namba una hila zake. Epuka 0 na 1, kwa sababu zinaficha makosa: kwa 1, x na x² na x³ zote zinalingana. Epuka pia namba zinazoonekana ndani ya swali.

Nina mfano wa kukutia wasiwasi. Mtu amekuta 1/x + x/3, akakata x kwa x juu ya alama ya kujumlisha, akapata 1 + 1/3 = 4/3. Ni kosa la wazi. Anajaribu x = 1: swali linatoa 1 + 1/3, yaani 4/3. Inakubali! Anajaribu x = 3: 1/3 + 1, yaani 4/3. Inakubali tena! Sasa jaribu x = 2: 1/2 + 2/3 = 7/6, na 4/3 ni 8/6. Imekataa. Kwa hiyo mbili zilikubali na kosa likabaki kosa. Angekwepa 1, na angekwepa 3 iliyomo ndani ya swali, angelikamata mara ya kwanza.

Mtihani unaletwa kwa Kiingereza. Kusoma hapa kwa Kiswahili kutanisaidia?

Alama zilizo kwenye mistari yako ni zilezile kwa lugha zote mbili. Elewa kwa lugha unayoota nayo ndoto, kisha jifunze yale maneno machache ya amri yanayoanza maswali kwenye mitihani iliyopita.

Mwanangu yuko kidato cha pili, mimi niliishia darasa la saba. Naweza kumsaidia?

Unaweza mama, na pengine kuliko unavyodhani. Jedwali la kuzidisha, kigawo kikubwa cha shirika na magazijuto ulivipata palepale darasa la saba, na mada hii inasimama juu ya hivyo vitatu. Mwambie akae karibu yako wakati unachambua mboga, akufanyie swali moja kwa sauti. Kila anapopitisha mstari wa kukata, muulize: hicho unachokata kinazidisha nini? Kinazidisha juu yote? Na chini yote? Akisita, kakosea. Huna haja ya kujua jibu. Na akikukasirikia kwamba unamchelewesha, mwache akasirike, lakini asiruke swali.

Kama bado anasuasua kwenye 18/24, msiguse x kwanza. Wiki ya kurahisisha sehemu za kawaida haipotei bure.

Vitu hivi vinatumika wapi nje ya darasa?

Kwanza kwenye vipimo. Treni ikienda kilomita 60 kwa saa, ni mita ngapi kwa sekunde?

60 km/saa × 1000 m/km × 1 saa/3600 s

"km" ya juu inakata "km" ya chini, "saa" inakata "saa", zinabaki mita juu na sekunde chini: 60000/3600, yaani mita 16 na theluthi mbili kila sekunde. Ukiona vipimo havikatiki vizuri, umeweka sehemu moja kichwa chini. Mwanafunzi wa fizikia anayelijua hili hakariri kama azidishe au agawanye.

Pili ni hili ninalolipenda zaidi. Basi linakwenda Kasulu kwa mwendo wa v na kurudi Kigoma kwa mwendo wa u. Mwendo wa wastani wa safari nzima ni upi? Umbali tuuite D. Muda wa kwenda ni D/v, wa kurudi D/u. Jumla ya muda:

D/v + D/u = D(u + v)/(uv)

Umbali wote ni 2D. Gawanya umbali kwa muda, geuza, zidisha:

2D × uv/[D(u + v)] = 2uv/(u + v)

D imekatika. Maana yake huhitaji kujua Kasulu iko kilomita ngapi. Ungeiweka Kibondo, ungeiweka Tabora, jibu ni lilelile. Kwenda kwa 60 na kurudi kwa 40 kunatoa 2 × 60 × 40/100 = 48. Wengi hubashiri 50, wakisahau kwamba basi linakaa barabarani muda mrefu zaidi linapokwenda polepole.

Tupe mazoezi, mwalimu.

Haya. Fanya bila kutazama majibu chini, na kila moja uandike namba zilizokatazwa kama zipo.

(a) 12m³n/35 × 14/(9mn²)

(b) (x² − 25)/(x² − 3x − 10)

(c) (2x² + 7x + 3)/(x² + 3x) × x²/(4x + 2)

(d) (6 − 2y)/(y² − 9)

(e) (x² + 4)/(x + 2)

Majibu. (a) 8m²/(15n), ambapo m na n si sifuri. (b) (x + 5)/(x + 2), x ≠ 5, −2. (c) x/2, x ≠ 0, −3, −1/2. (d) −2/(y + 3), y ≠ 3, −3; kama umepata 2/(y + 3), rudi kwenye swali la (x − 5)/(5 − x). (e) Hairahisishiki, iache ilivyo, x ≠ −2. Aliyepata x + 2 amekata x kwa x² na 2 kwa 4, na anajua aanzie wapi kusoma tena.